Vumbi Walilolikata kwenye Sinema

Mwanangu ana kikombe chake. Ni cha bati, cha bluu, kimebanduka rangi mdomoni, na amekifunga kwenye mkanda wa suruali kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Akitoka asubuhi kwenda karasha anaweza kusahau kofia, anaweza kusahau hata viazi nilivyomfungia, lakini kikombe hakisahau. Hampi mtu. Mwenzake wa kazi akiomba anywee maji, anamwambia akinge viganja. Kisha anaingia kwenye banda la karasha, ambako mawe ya dhahabu yanapondwa kwa nyundo na kusagwa kwenye ngoma ya chuma mpaka yawe unga, na vumbi lake ni jeupe na zito kiasi kwamba mtu aliye upande wa pili humwoni, unasikia nyundo yake tu. Humo anavuta pumzi kutwa nzima, roho yake imetulia, kwa sababu kikombe chake hakijaguswa na mdomo wa mtu.

Habari ya kikombe aliitoa kwenye sinema. Na kwenye sinema hiyo mimi nimo, na baba yake yumo. Ndiyo maana naandika. Shule yangu iliishia darasa la nne, kwa hiyo atakayekuta nimepindisha maneno anisamehe. Atakayekuta nimesema uongo aje anieleze machoni.

Majina ya watu sitayaandika, wenyewe wanajijua. Kazi zao nitazitaja. Kuna mwenye karasha. Kuna mratibu wa ile sinema. Kuna mtu wa kipaza sauti. Hawa watatu nawadai kitu ambacho hakuna mahakama inayoweza kunilipa.

Nilizaliwa Didia. Sinema ya kwanza maishani mwangu ilikuwa ya ugonjwa, na ya pili pia, na ya tatu, mpaka nikadhani sinema ni kitu cha hospitali, kama sindano. Gari lilikuja na jenereta, wakatundika shuka jeupe kwenye ukuta wa ghala la pamba la ushirika, na giza lilipoingia tukakaa chini kwa makundi, wanaume mbele, akina mama na watoto nyuma. Ilikuwa ya kichocho. Sauti ya sinema ilikuwa ya Kiswahili cha redio, na wazee wetu Kiswahili hicho walikisikia kama mvua juu ya bati. Kwa hiyo pembeni ya gari alisimama mtu na kipaza sauti, kazi yake kugeuza maneno yaingie Kisukuma.

Basi huyo ndiye aliyekuwa sinema yenyewe. Kwenye shuka mtu alikuwa anakojoa kando ya bwawa, na mtu wa kipaza sauti akasema, "Mnamwona huyu? Huyu si wa kwetu, huyu ametoka Uzinza!" Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Baba yangu hakuangalia shuka hata kidogo. Aligeuza shingo, akamtazama yule mtu muda wote. Njiani kurudi nyumbani nilimuuliza kwa nini hakuangalia picha. Akaniambia, "Picha haijui tunakoishi. Yule anajua."

Sinema ikasema tusiingie kwenye maji yaliyosimama. Kesho yake asubuhi tulivua viatu, wale wenye viatu, tukaingia kwenye majaruba kupandikiza mpunga, maji yakatufika magotini. Hakuna aliyeuliza. Ungeuliza nini? Mpunga ulikuwa majini na njaa ilikuwa nyumbani. Lakini mama yangu, akiwa ameinama na miche mkononi, alisema neno ambalo sijalisahau: "Wametuonyesha mtu mchafu. Hawajatuonyesha mtu mwenye shamba."

Baadaye nikaolewa, tukahamia machimbo upande wa Bugarama, na huko magari ya sinema yalikuja ya UKIMWI. Yote niliyoyaona yalikuwa na mwanamke wa baa mwenye midomo myekundu. Yeye ndiye ugonjwa. Kuna dada aliyekuwa akiuza pombe jirani na duara letu, shimo la kuchimbia dhahabu, alikuwa na rangi ya mdomo nyekundu vilevile, na baada ya sinema ile hakuuza tena, watu walimpita kama mzoga. Alikuwa mzima. Akafunga mizigo yake akaenda zake Maganzo kwa wachimbaji wa almasi, akisema labda huko hawajaletewa sinema.

Nayasema haya ili ieleweke kwamba nilikuwa najua. Nilikuwa nimeshaona sinema zinavyofanya. Kila moja ilikuwa na mtu maskini wa kunyooshewa kidole, na alikuwa hapohapo karibu, anafikika kwa jiwe. Lakini siku walipokuja kuniomba mimi, nilifikiri safari hii nitasema mwenyewe kwa mdomo wangu, haitakuwa kama zile.

Mume wangu alisaga mawe kwenye karasha lile analosaga mwanangu sasa. Mimi nilikuwa naponda nje, na nyundo na kipande cha mpira wa gari cha kuzuia vipande visiruke, mwanangu mgongoni. Tulikuwa tunarudi nyumbani weupe wote watatu, tunachekana kwamba tumetoka kinu cha unga. Kikohozi cha mume wangu kilianza kidogo, kama mtu anayetaka kusema jambo akaghairi. Kisha akawa hawezi kupanda kilima cha kisimani bila kukaa. Kisha damu. Na mimi nikafuata.

Hospitali kubwa mjini walitupiga picha za vifua. Daktari akaiweka ya mume wangu kwenye taa, akatuonyesha, na huyu daktari simlaumu kwa lolote. Alisema, "Humu kuna vitu viwili. TB tutaitibu, mkimeza dawa mpaka mwisho. Hili lingine ni vumbi la mawe. Limeshakaa, halina dawa, na ndilo lililoifungulia TB mlango." Akauliza kama kule tunalowanisha mawe kabla ya kuyaponda. Mume wangu akasema hapana, mawe makavu. Daktari akatikisa kichwa. "Lowanisheni. Na mtu akiweza kutoka humo, atoke."

Tulimeza dawa. Mimi nilipona, kupona kwa kupanda kilima nikipumzika. Mume wangu TB iliisha, vumbi likabaki.

Ndipo akaja mratibu. Mtu mpole, viatu vimeng'arishwa, shikamoo zake kwa wazee hazikuisha. Alikuwa anatengeneza sinema ya TB kwa ajili ya wachimbaji, na zahanati ilimwelekeza kwetu kwa kuwa tulimaliza dozi. Yeye na wapiga picha wake walifikia kwa mwenye karasha. Ndiye aliyekuwa na nyumba ya vyumba vya wageni, ndiye aliyewapa jenereta, ndiye aliyewachinjia mbuzi.

Siku ya kupiga picha kwenye karasha, mwenyewe alitoa amri hakuna kusaga. Banda lilifagiliwa, sakafu ikamwagiwa maji, watu wakasimama kwenye mstari wamevaa mashati safi. Nilimwambia mratibu, "Baba, hapa hapako hivi." Akasema, "Mama, mashine ikinguruma sauti haitasikika." Nikaona ni kweli, vyombo vyao ni vya sauti.

Nyumbani kwetu wakamweka mume wangu kwenye kigoda, wakamwambia akohoe. Mtu aliyekohoa usiku na mchana, siku hiyo kikohozi kilimwonea haya. Alijaribu, akatoa sauti kama ya kuku aliyekabwa, akaanza kucheka.

"Tena, mzee. Hiyo haikusikika vizuri."

"Subirini kidogo, mwanangu. Huwa kinakuja chenyewe, hakiitwi."

Wakapata walichopata. Walipokuwa wanafunga mizigo ndipo kikaja chenyewe, kikamkunja mpaka paji la uso likagusa magoti, na hakuna aliyewasha mashine.

Kisha ikawa zamu yangu. Nilisema yote. Nilisema mume wangu alivyoanza, nilisema dawa tulivyozimeza, nilisema kuhusu karasha, vumbi, mawe makavu, na daktari alivyosema tulowanishe. Nilisema polepole ili nisikosee. Mratibu aliitikia kwa kichwa kila sentensi. Mwishoni akasema, "Safi sana, mama. Umeokoa watu."

Ilipoletwa kuonyeshwa, kiwanja cha mpira kilijaa. Mume wangu alivaa shati lake la Pasaka. Mwenye karasha alikaa mbele kwenye kiti cha plastiki, na mtu wa kipaza sauti, si yule wa Didia, akasimama pembeni ya gari, kijana bado kwa sura lakini mdomo wa mzee, akitania watu kwa Kisukuma kabla hata picha haijaanza.

Nikajiona. Uso wangu ulikuwa mkubwa kama mlango. Nikasema, "Mume wangu alianza kukohoa akiwa kazini kwenye..." na mdomo wangu ukawa bado wazi kwa neno linalofuata, picha ikaruka. Akaja nesi na vidonge kwenye kiganja. Nikasubiri nirudi. Nilirudi mwishoni nikitabasamu, nikisema, "Sasa nimepona." Kati ya kazini na kupona hapakuwa na kitu. Walinikata kama unavyokata kamba ya mbuzi.

Na penye pengo ndipo mtu wa kipaza sauti alipoingia. Hakuwa na la kutafsiri, akajaza lake. Akamwonyesha mume wangu kwenye shuka, amekunjika kwenye kigoda, akasema kwa Kisukuma kitamu, "Mnamwona mwenzenu? Mnajua alikoupata? Kikombe! Watu kumi kikombe kimoja, kwenye pombe, kwenye maji. Leo anywe huyu, kesho anywe yule. Kikombe ndicho kaburi! Semeni, ni nini?"

"Kikombe!" uwanja mzima ukajibu.

"Sijasikia!"

"Kikombeee!"

Mwanangu alikuwa mbele na wanafunzi wenzake. Alipiga kelele kuliko wote. Alikuwa anajivunia, baba yake yuko kwenye sinema.

Kesho yake nilimfuata mwenye karasha. Sikuwa na haja ya kupeleleza, alinieleza mwenyewe, tena kwa upole, kama mtu anayempa mwenzake zawadi. "Walinionyesha kwanza, mama, kwa kuwa ni wageni wangu. Nikawaambia kipande kile cha karasha wakitoe. Nilikusaidia. Maneno yale yangefika mjini wangekuja kufunga, na hawa vijana wote wangekula nini? Wewe ungekula nini?" Akanipa mchele kwenye mfuko. Niliuchukua. Watoto walikuwa na njaa, nao si watoto wa sinema.

Lakini hilo bado si kubwa. Kubwa ni mume wangu. Jioni moja baada ya sinema akaniambia, "Mama watoto, kumbe nilijiua mwenyewe."

Nikamwambia, "Nani kasema? Daktari alikuonyesha picha ya kifua chako, ukaona kwa macho."

"Ile ilikuwa yangu peke yangu. Hii wameionyesha watu wote."

Akatafuta kikombe cha bati, cha bluu. Akatenga sahani yake. Akawa anakula nje peke yake, amewapa watoto mgongo, na mwanangu akimkimbilia anamfukuza kwa fimbo ya kuchezea tu, lakini anamfukuza. Alikufa hivyo. Mwanamume aliyevunjwa kifua na mawe ya mtu mwingine aliondoka duniani akiomba radhi kwa sababu ya kikombe. Kwa hili simsamehe mtu wa kipaza sauti mpaka naingia kaburini. Siku hizi namsikia kwenye sherehe za harusi, sauti ni ileile.

Mwanangu alipokua akasema anaenda karasha. Nilipiga magoti, nasema kweli, mama kumpigia mwana magoti.

"Baba yako aliuawa na vumbi la humo."

"Mayu, baba alikunywa na kila mtu. Wewe mwenyewe umo kwenye sinema."

"Maneno yangu waliyakata!"

"Kila mtu akisemwa vibaya anasema amekatwa." Akacheka kidogo kuipoza. "Usiogope. Mimi nina kikombe changu."

Kilikuwa kile kile cha baba yake.

Nikapanda basi mpaka Shinyanga mjini kumtafuta mratibu. Nilifikiri wakiirudisha ile sehemu, hata kwa dakika moja, mwanangu atanisikia kutoka kwenye shuka kwa kuwa kutoka kwenye mkeka hanisikii. Nilimkuta, amenenepa, amenikumbuka. Akaniletea kiti na soda.

"Mama yetu! Unajua sinema yako bado inatumika? Watu wameenda kupima kwa sababu yako."

"Nashukuru. Na vumbi?"

"Vumbi lipi, mama?"

"Nililolisema. Mkalikata."

Akaweka kalamu chini. "Sinema nzuri ina ujumbe mmoja, mama. Ukiweka mambo mawili watu wanachanganyikiwa."

"Mtu wa kipaza sauti aliongeza la kikombe. Hawakuchanganyikiwa. Na hospitali wameniambia TB haishikwi kwa kikombe, inashikwa kwa hewa."

"Hilo lilikuwa lake, halikuwemo kwenye filamu."

"Na langu lililokuwemo, nani aliwaambia mlitoe?"

"Tulishauriana na wadau."

"Mdau ndiyo nani?"

"Ni mtu anayeguswa na jambo."

"Baba, mimi nimeguswa mapafu. Mbona sikuulizwa?"

Akaichukua kalamu yake tena. Sura yake ilionyesha anaelewa vizuri kabisa, na hicho ndicho kilichoniuma, kwa sababu mjinga ningemwonea huruma. Akasema ile sehemu haipo tena, walishaifuta. Akanisindikiza mpaka mlangoni, akaniamkia tena shikamoo. Sikuitikia marahaba.

Nilipokuwa kwenye basi la kurudi nikamkumbuka baba yangu na shingo yake aliyoigeuza. Watu wa kwetu hatuamini shuka. Tunaamini aliyesimama pembeni. Basi nikasema nitasimama pembeni mimi, na kipaza sauti changu kitakuwa ndoo.

Nikaanza kwenda karasha asubuhi na ndoo ya maji kichwani. Nikifika namwagia mawe kabla hawajayaponda. Sisemi kitu, namwagia tu. Vijana walicheka, wakanibatiza jina.

"Idara ya Maji imefika!"

"Mama, leo hakuna mgawo?"

"Bili tunalipa wapi?"

Mwanangu alikuwa anainamisha kichwa kwa aibu, anaponda kwa hasira. Lakini jiwe lililolowa likipigwa halitoi moshi, linatoa tope dogo tu, na hilo kila mtu alikuwa analiona bila kuhubiriwa.

Mwenye karasha akaja siku moja tukiwa hapo. "Mama, mawe mabichi yananigandia kwenye ngoma. Toka nje."

Nikamjibu, "Kwenye sinema ulinitoa ukiwa umekaa. Humu simama unitoe kwa mikono."

Nyundo zilinyamaza. Hakunigusa. Alimgeukia mwanangu. "Mtoe mama yako, au mtoke wote."

Nilimwangalia mwanangu. Nywele zake zilikuwa nyeupe kama za babu, na uso wa baba yake ulikuwa umekaa pale juu ya shingo ileile. Alikuja, akanipokonya ndoo. Akanishika mkono juu ya kiwiko kama unavyomshika mgonjwa, akanipeleka mlangoni.

"Nenda nyumbani, mayu."

Ndoo hakunirudishia. Nilitoka, lakini miguu haikunipeleka nyumbani. Nilisimama nyuma ya banda, kwenye upenyo wa mabati, nikiwa na pumzi fupi. Mwenye karasha alizunguka, akafoka, akawasha pikipiki yake akaondoka.

Mwanangu akaweka nyundo chini. Akasimama kidogo juu ya ndoo. Kisha akafungua ule mpira wa baiskeli, akachota maji kwa kikombe, akayamwaga juu ya jiwe lake polepole, akizungusha, kama mtu anayenawisha mtoto. Akaponda. Hapakuinuka kitu. Mwenzake wa pembeni, yule wa kukinga viganja, akanyoosha mkono. Mwanangu akautazama ule mkono. Akampa kikombe.

Nimeandika hivyo nilivyoona, sijaongeza. Na wala asidhani mtu kwamba mambo yameisha, kwa sababu ngoma ile inasaga kikavu mpaka leo, na unga wake wanauzoa kwa mikono, na hapo ndoo yangu haifiki. Mchana ule ule moshi mweupe ulikuwa unatoka juu ya bati kama kawaida. Leo asubuhi mwanangu amekohoa kabla ya kunawa uso. Kidogo tu, kama mtu anayetaka kusema jambo akaghairi.

Nimemwambia wiki hii twende hospitali wakampige picha ya kifua. Hajakataa. Amefunga kikombe kiunoni, ametoka. Ndoo ameibeba mwenyewe.